Dereva Asiyeweza Kupanda Gari

Barua za kiwewe zimejaa mezani mwezi huu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeiacha na urefu wake, maana maswali yaliyomo nayasikia kila wiki kutoka kwa watu wasiojuana.

BARUA YA KWANZA

Mama, salamu nyingi. Ukurasa huu nimeusoma tangu nikiwa barabarani, jarida halikukosa kwenye dashibodi yangu. Nina miaka 41, watoto watatu, naishi Kayole. Kazi yangu ilikuwa kuendesha matatu za Nakuru. Mwaka juzi, usiku, kabla ya kuingia Gilgil, nilijikuta chini ya trela lililoharibika likaachwa barabarani bila taa wala matawi. Abiria wanne walifariki. Mmoja alikuwa msichana wa shule aliyekuwa akienda nyumbani kwa likizo fupi. Alikuwa amekaa nyuma, akasema anataka kutapika, nikamwambia kijana wa mbele ampishe. Mimi nilivunjika mtulinga tu.

Polisi walichunguza wakasema sina kosa. Lakini tangu siku hiyo siwezi kupanda gari. Sasa ni mpiga debe, naita watu waingie kwenye magari ambayo mimi mwenyewe siingii. Natoka Kayole saa kumi na moja alfajiri kwa miguu hadi tauni, na jioni narudi hivyo hivyo. Usiku nalala kwenye kochi kwa sababu nikiota narusha mikono, mke wangu nimeshampasua mdomo. Nikiona sweta ya kijani ya shule natokwa na jasho. Harufu ya dizeli pia. Nimeombewa. Mama yangu anasema nimerushiwa kitu. Ndugu yangu anasema nijikaze kiume. Kuna rafiki huniletea Valium kutoka kwa kemisti, ndiyo inanilaza, na ikikosekana nakunywa pombe. Siku nyingine naona afadhali ningeenda nao. Mke wangu ameshikilia niende kwa mwanasaikolojia. Mimi naona hayo ni mambo ya matajiri wa Karen. Nikishamweleza mtu yaliyotokea, halafu? Wale wanne watafufuka?

Dereva wa zamani, Kayole

JIBU

Baba, nianze na ule mstari uliouchomeka karibu na mwisho, katikati ya pombe na mkeo, kama mtu anayetaka upite bila kuonekana. "Afadhali ningeenda nao." Nakuuliza kama ningekuuliza umeketi mbele yangu: unafikiria kujiua? Usiogope swali. Kumuuliza mtu hivyo hakumtii wazo kichwani, mara nyingi humtua mzigo. Kama jibu ni ndiyo, au hata "sijui", usingoje kumaliza kusoma. Piga 1199, ni simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, utapata mshauri. Au mwambie mkeo leo mwende hospitali kubwa iliyo karibu, upande wa dharura. Na vile vidonge mpe yeye aviweke.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ni ugonjwa, una jina na una tiba. Madaktari huuita PTSD, yaani maradhi ya kiwewe, na uliingia kwa jina hilo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, wakati askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam walikuwa wanaamka usiku kama wewe. Una mafungu manne ya dalili. Tukio linarudi lenyewe, usingizini na mchana. Mtu anakwepa kila kinachomkumbusha. Anajilaumu na moyo unakufa ganzi. Na mwili unakaa chonjo saa zote: kushtuka, kufoka, kukosa usingizi. Zikipita mwezi mmoja na zikaharibu kazi na nyumba, si huzuni ya kawaida tena. Siwezi kukupima kwa barua, lakini ningeshangaa sana kama mtaalamu atakayekupima ana kwa ana atasema lingine.

Habari ya watu wa Karen iache. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani lilipolipuka pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, watu zaidi ya 200 walikufa hapa Nairobi. Wengi waliumizwa macho na vioo, kwa kuwa kishindo cha kwanza kilikuwa kidogo, wakakimbilia madirishani kuchungulia. Kati ya mwezi mmoja na mitatu baadaye, daktari wa akili Frank Njenga na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883, wengi wao hawakuwa wamejeruhiwa. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia PTSD. Hao ni Wanairobi wa kawaida walioenda kazini Ijumaa asubuhi. Na miongoni mwa mambo yaliyoambatana na dalili hizo ni kutokuwa na rafiki wa kumweleza. Hilo lifikirie unapokanyaga Jogoo Road peke yako gizani.

Kwa nini haujaisha wenyewe, wakati mtulinga umeunga? Kwa sababu unaulisha, na chakula chake ni kukwepa. Usiku ule ubongo wako ulijifunza kwamba gari ni mauti, na tangu hapo umekuwa kama alamu ya gari iliyoharibika, paka akirukia boneti mtaa mzima unaamka. Kila unapokataa kupanda unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo mtego. Ubongo unajiambia: tuko hai kwa sababu hatukupanda. Haupewi nafasi ya kuona lingine. Kwanza uliacha usukani, kisha kiti cha abiria, kisha kitanda cha mkeo. Kwa mwendo huo baada ya muda utaacha na steji.

Unauliza, nikishasimulia, halafu? Swali zuri, na wengi wa kazi yangu hulijibu kwa maneno matamu yasiyo na kitu. Kusimulia tu hakuponyi. Umeshawasimulia polisi, watu wa bima, mchungaji, hukupona. Tofauti iko katika namna ya kusimulia.

Njia moja iliyopimwa sana ni ya Profesa Edna Foa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Huwa ni vikao 8 hadi 15, mara moja kwa wiki, kila kikao dakika 90 hivi. Unafumba macho na kusimulia usiku ule kana kwamba unatokea sasa: naona taa za gari linalokuja, mguu wangu uko kwenye breki, nasikia msichana anakohoa. Mtaalamu anakukatiza kidogo tu, kuuliza hofu iko ngapi kati ya sifuri na 100. Unasema 90. Ukifika mwisho unaanza tena. Unarekodi kwenye simu, unaenda kusikiliza nyumbani kila siku. Mwanzoni watu hutetemeka, wengine huomba choo. Lakini baada ya vikao kadhaa hutokea jambo ninalolisubiri kwa hamu kuliko machozi: mteja anaanza kuchoshwa na hadithi yake. Anapiga miayo pale alipokuwa akilia. Hapo najua kazi imeshika.

Sehemu ya pili ya njia hiyo iko nje ya ofisi. Mnaandika orodha ya yale unayoyakwepa, kuanzia jepesi. Kwako ningeandika: kusimama kando ya lori lililozimwa. Kisha kukaa ndani ya matatu iliyoegeshwa, mlango wazi. Kisha mlango ukiwa umefungwa. Kisha Kayole hadi Donholm saa nne asubuhi, kiti cha nyuma. Kiti cha mbele. Usiku. Gilgil iwe ya mwisho kabisa, tena mchana. Huendi hatua ya pili kabla ya kwanza kupoa, na hushuki hofu ikiwa kileleni. Unakaa mpaka yenyewe ianze kushuka, kwa sababu lazima mwili ujionee kwamba inashuka. Niliwahi kukaa na mteja ndani ya matatu iliyokuwa haijajaa. Makanga akatukodolea, mnaenda ama hamwendi? Tulimlipa viti viwili ili atuache tuogope kwa amani. Gari likijaa tulishuka, likaondoka, tukaingia lililofuata. Mteja yule siku hiyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na alikuwa anamcheka makanga.

Wewe una bahati katika hilo: unafanya kazi steji. Magari yaliyoegeshwa yako mbele yako kutwa nzima, na madereva wanakujua. Lakini usianze peke yako kwa ubabe, ukajilazimisha kupanda la Nakuru kesho asubuhi. Ukishuka Kinoo umetokwa na jasho, utakuwa umeufundisha ubongo kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa.

Hata hivyo, baba, mimi sidhani hofu ndiyo kubwa katika barua yako. Kubwa ni kile kiti cha mbele ulichompa msichana. Kuhusu trela umeeleza taa na matawi. Kuhusu msichana umeandika "nikamwambia kijana wa mbele ampishe", ukaweka nukta, ukarukia mtulinga.

Kwa hatia ya namna hii kuna tiba ya mwanasaikolojia Patricia Resick wa Marekani, kwa kawaida vikao 12, na inaweza kufanywa bila kusimulia ajali kwa undani. Kazi yake ni zile fikra zilizokwama. Unaziandika kwa mkono wako, mathalan: "Mimi ndiye niliyemuua kwa kumleta mbele." Kisha mtaalamu anakuuliza, bila kukubembeleza. Ulipomwambia kijana apishe, ulijua nini kuhusu trela? Ulimleta mbele kwa nia gani? Dereva anayemwacha mtoto atapike nyuma kwenye mifuko ya watu tungemwitaje? Kama ungemkatalia, halafu gari likagongwa upande wa nyuma, leo ungekuwa unajilaumu kwa lipi? Nani aliacha chuma kikubwa namna ile barabarani bila hata tawi? Na yule kijana aliyeinuka: ukikutana naye kesho River Road, utamwambia yeye ndiye aliyeua kwa kupisha?

Soma swali hilo la mwisho mara mbili. Nadhani kwake unalo jibu tayari, na ni jibu la huruma. Wewe mwenyewe umejinyima.

Majibu mengine sikupi hapa. Jibu la kuambiwa na mwanamke wa jaridani halitakusogeza, utasema "huyo hakuwepo". Lazima ulifikie mwenyewe kwa kalamu, kikao baada ya kikao, mpaka uone kwamba unajihukumu kwa habari uliyoipata baada ya uamuzi kupita. Wale wanne hawatafufuka, umesema kweli. Huzuni yao itabaki nawe, na iwe hivyo, wanastahili kuliliwa. Kinachotoka ni hatia isiyo yako.

Ipo pia njia ambayo unafuata kidole cha mtaalamu kwa macho huku ukikumbuka tukio. Mwanasaikolojia Francine Shapiro wa Marekani aliianzisha mwaka 1987. Ukiitazama kwa mbali unaweza kudhani ni mazingaombwe, lakini imepimwa na inafanya kazi. Ukikutana na aliyeisomea vizuri, usimcheke.

Valium. Acha kununuliwa dawa na rafiki. Inalaza, haitibu kiwewe, na mwili huizoea upesi. Lakini sikiliza vizuri: kama umeinywa kila siku kwa muda mrefu, usiikate ghafla, unaweza kupata kifafa. Daktari ataipunguza polepole. Ukiichanganya na pombe unacheza na pumzi zako, maana vyote viwili vinazizima. Na pombe yenyewe hukulaza kwa saa chache tu; ikianza kuisha mwilini, ndoto zinakuja kwa fujo zaidi. Kuna dawa za kweli za ugonjwa huu, kama sertraline, hutumiwa kila siku kwa miezi na huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu. Hizo huandikwa na daktari, haziletwi steji ndani ya gazeti.

Mama yako akisema umerushiwa kitu, usibishane naye, ni mama, naye ana woga wake. Maombi endelea nayo kama yanakutuliza; sijaona mteja aliyeharibikiwa na tiba kwa sababu alisali. Ila akitokea mtu wa kukudai mbuzi mweusi, au kukufungia chumbani siku tatu bila chakula, ondoka. Na huyo ndugu yako wa kujikaza, mwalike mtembee naye alfajiri moja tu kutoka Kayole hadi tauni, halafu mrudi jioni. Tutaongea naye baadaye habari za kujikaza.

Pa kuanzia: Hospitali ya Mama Lucy. Nimeitaja kwanza kwa sababu unaweza kufika kwa miguu. Ulizia huduma za afya ya akili, waeleze yote, na pombe usiipunguze kwenye maelezo. Wakiona inafaa watakuandikia barua ya Hospitali ya Kenyatta au ya Mathari, ile ya magonjwa ya akili. Najua jina la Mathari linavyotumika kuchekana mitaani. Lakini wanaokwenda kliniki pale ni watu wenye kazi na familia, wanaonana na daktari na kurudi nyumbani mchana. Hospitali za serikali ni nafuu kuliko ofisi binafsi, na baadhi ya vituo vya kufundishia washauri hupunguza ada ukieleza hali yako. Eleza, usione haya. Popote utakapokwenda, omba kujua kama mtu huyo amesajiliwa na bodi ya washauri na wanasaikolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kisha muulize: kiwewe unakitibu kwa njia gani? Akikujibu "tutakuwa tunaongea ongea tu", mshukuru, uinuke.

Na mkeo, ambaye nina hakika atausoma ukurasa huu kabla yako: mama, asante kwa kushikilia. Akipiga kelele usingizini usimtikise wala kumwinamia. Washa taa, simama miguuni kwake, mbali na mikono, umwite jina lake, umwambie yuko Kayole, yuko nyumbani, ni usiku. Rudia mpaka macho yaje. Mdomo wako ukipasuka tena, lala na watoto chumba kingine bila kujieleza kwa mtu.

BARUA YA PILI

Nilimwacha mume aliyekuwa akinipiga, sasa nakaa na wanangu wawili Kawangware. Nikisikia funguo mlangoni kwa jirani bado natetemeka. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu anasema amefunzwa mpango wa vikao 5 vya kupunguza msongo na anaweza kunisaidia. Huyu mama tunamjua, ana kibanda cha sukuma wiki. Nimwamini kweli? Na siri zangu?

Mama wa Kawangware

JIBU

Dadangu, kabla ya kibanda cha sukuma, nikuulize kuhusu mume. Anajua unapokaa? Hupita hapo, hupiga simu za vitisho? Kama ndiyo, huko kutetemeka ni akili timamu, wala sitaki mtu akuondolee kwa tiba. Kinachotangulia ni usalama. Simu ya bure 1195 hushughulikia ukatili wa kijinsia, watakuelekeza polisi, hospitali na mahali pa kujihifadhi.

Kama yuko mbali na amenyamaza, basi nakwambia mpe mama huyo nafasi. Mpango wa vikao 5 wa Shirika la Afya Duniani ulijaribiwa papo hapo Dagoretti, kwa wanawake ambao wengi wao walikuwa wamepitia ukatili kama wako, na walioendesha vikao ni wahudumu wa jamii waliofunzwa na kusimamiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliopitia vikao hivyo walipungukiwa na msongo kuliko waliopewa huduma ya kawaida ya kituo cha afya. Humo hutaulizwa kusimulia kila kofi. Utafundishwa kupumua taratibu mwili ukichachamaa, kulikata tatizo moja vipande vinavyoshikika, kurudia shughuli ulizoziacha, na kutafuta watu wa kukuegemeza.

Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, wamefanya jambo zito zaidi. Wasaidizi wa vijijini, wasio madaktari, waliwaongoza katika vikundi wanawake waliokuwa wamebakwa, kwa ile tiba ya fikra zilizokwama niliyomweleza dereva hapo juu. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi waliyashika kwa kichwa. Utafiti ulitoka mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, 9 kati ya 100 ndio waliobaki na dalili za kiwango cha sonona au wasiwasi, wakati kwa wenzao waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walikuwa 42 kati ya 100. Kwa dalili za kiwewe mambo yalikwenda vivyo hivyo. Nawatajia kisa hiki wale wanaodhani kupona kunataka zulia na kiyoyozi.

Siri ni haki yako kuziulizia kabla ya kikao cha kwanza. Anaandika wapi? Msimamizi wake ni nani? Kibandani msikutane hata siku moja, kutaneni kliniki au kwako watoto wakiwa shule. Na usimweleze zito zaidi siku ya kwanza. Mpe dogo, uone kama litarudi kwako kupitia midomo ya chama. Vikao vikiisha na funguo bado zinakutetemesha, mwambie akuandikie barua ya kwenda kwa mtaalamu wa kiwewe. Wamefunzwa kufanya hivyo.

BARUA YA TATU

Nafanya kazi duka la M-Pesa Githurai. Wiki iliyopita waliingia vijana wawili na bastola. Kesho yake bosi alileta mtu wa ushauri, akatuketisha wote tusimulie mmoja mmoja, kila kitu, nani alisimama wapi, bastola ilielekezwa kwa nani. Mimi nilikataa nikatoka nje. Bosi anasema nisipoongea sitapona, na wenzangu wananiona najidai. Ni kweli usingizi wangu bado ni wa mang'amung'amu. Nimejiharibia?

Binti wa Githurai

JIBU

Hujajiharibia, mwanangu. Kikao kimoja cha kusimulishwa kwa lazima siku chache baada ya tukio kilikuwa mtindo zamani, na bado kinauzwa kwa makampuni kwa sababu kinaonekana kama kitendo. Shirika la Afya Duniani halikishauri. Uingereza waliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani kwa miaka 3: wale walioanza na dalili kali wakasimulishwa hospitalini mapema walibaki na hali mbaya kuliko wenzao walioachwa.

Msomaji makini atasema, mama, hapo juu umemwambia dereva asimulie, hapa unamsifu aliyekataa. Dereva amekwama miaka miwili, na atasimulia kwa hiari, mara nyingi, kwa mtu mmoja anayejua anachofanya. Wewe una wiki moja, na uliketishwa mbele ya wafanyakazi wenzako na bosi akiwa mlangoni.

Wiki moja baada ya kuona bastola, kulala vibaya ni kawaida. Watu wengi hutulia ndani ya wiki chache bila mtaalamu yeyote. Kula kwa saa zake, hata kama ni uji tu. Kahawa iache kuanzia mchana. Lala kwa dadako siku mbili tatu kama kwako kunakutisha, lakini usihamie huko. Rudi kazini mapema iwezekanavyo, hata nusu siku, ukiwa na mtu. Ukitaka kuongea, ongea na unayempenda, kiasi unachotaka, na ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukivuka mwezi mmoja bado unaota, bado unakwepa kaunta, au ukianza kunywa ili ulale, hapo nenda hospitali, usimngoje bosi.

Na bosi, kwa kuwa najua jarida hili huuzwa kibanda kilicho mkabala na duka lako: pesa za yule mtu wa ushauri zingetosha kuweka grili kwenye kaunta. Weka grili, funga duka kabla ya giza kuingia, na siku binti huyu atakazokaa nyumbani usimkate mshahara.